Sauti Chini ya Leso

Kuna watu wa Manga ambao mpaka leo wakinikuta sokoni Suneka huniuliza kwa upole kama nilipata kiatu changu, nami hucheka nao, kwani nitafanya nini, aibu yenyewe niliitangaza kwa maikrofoni na kilima kizima kikasikia. Basi nawasimulia mwenyewe kabla hamjaipata kwa mwingine akiwa ameitia chumvi (ingawa sijui ataiongezea wapi).

Mimi ni fundi wa kompyuta, na fundi hakosi mdomo. Jumapili ile nilikuwa nimekwenda Manga kama mgeni tu, nyumbani kwa Mzee Nyakundi, kwenye ibada ya kumbukumbu ya mkewe, Mwalimu Bochaberi, aliyetutoka mwaka mmoja kabla. Mama yangu aliimba naye kwaya moja kanisani. Sijamaliza hata chai, Mzee akaniita kwenye meza ndogo kando ya spika, chini ya hema, ambako laptop ya marehemu ilikuwa imechomekwa kwenye umeme na kwenye spika hizo. Ndani mlikuwa na nyimbo za kwaya alizoongoza mkewe, zipigwe baada ya mahubiri, lakini mashine ilikuwa imezeeka, betri imekufa, na kuwaka tu kulichukua karibu nusu saa. Binti yake, Kerubo, alikuwa ameiwasha tangu alfajiri ili isituaibishe.

"Sauti yake imebaki humu tu," Mzee aliniambia. "Uishike polepole."

Sasa ilikuwa imewaka, nyimbo zinaonekana, na mimi kwa uangalifu wangu nikazinakili zote kwenye simu. Mtu mwenye akili angechomeka hiyo simu kwenye spika akarudi kwenye chai yake. Lakini wanakwaya walikuwa wananitazama, mama yangu yuko katikati yao, na mdomo wangu ukasema kwamba hii mashine inataka mfumo mpya, saa moja tu, halafu Tata (ndivyo tunavyowaita wazee wetu) utakuwa unaiwasha kwa kufumba na kufumbua.

Nikapekua mkoba, flashi yenye mfumo mpya sina, nimeiacha kibandani Suneka. Ningesema ukweli yangeishia hapo. Badala yake nikakumbuka kuna njia ya kuanzisha usakinishaji, yaani kuuweka mfumo mpya, kutoka kwenye diski ya mashine yenyewe: unamega kipande kidogo cha diski, unaweka humo faili za mfumo mpya (nilizipakua kwa bando langu mwenyewe, muone kiburi kinavyogharimu), kisha unaielekeza mashine kwamba ikizimwa na kuwaka tena ianzie pale, iuache mfumo wa zamani. Ni kazi ya kubomoa nyumba ukiwa umesimama juu ya paa lake, lakini inawezekana. Nikafanya, nikaizima, ikawaka, kioo cheusi, herufi nyeupe zikaanza kushuka, nikatabasamu kama daktari.

Ukungu ulikuwa umepanda kutoka bondeni na kuingia mpaka chini ya hema, ule ukungu wa Manga unaolowesha nguo bila mvua, hata migomba ya nyuma ya nyumba ilikuwa haionekani tena, na ilikuwa saa tisa tu mchana. Mchungaji alikuwa anaanza mahubiri. Nikaifunika laptop kwa leso ya mama isipate unyevu, nikakaa kando yake. Nilichokuwa sijui ni kwamba nilikuwa nimeielekeza kwenye kipande kisicho chenyewe, na mashine ilipotafuta kisakinishi ikakikosa, ikarudi kimyakimya kwenye mfumo wake wa zamani na kuanza ile safari yake ya nusu saa, chini ya leso, na mimi nimeketi pale nasikiliza neno la Mungu.

Mahubiri yakaisha. Mchungaji akatuomba tusimame, tuinamishe vichwa, tumkumbuke marehemu kwa kimya. Tukanyamaza. Kimya kile kilikuwa kizito, hata kuku walikuwa wametulia, na matone yalisikika yakidondoka pembeni mwa hema.

Kisha spika zikapumua.

Nasema zikapumua kwa sababu ndivyo nilivyosikia, pumzi ndefu ya mtu anayejitayarisha, halafu kikohozi, na kikohozi kile kila aliyefundishwa na Mwalimu Bochaberi alikijua. Nywele zilinisimama. Hakuna aliyeinua kichwa. Sauti ikaja taratibu, kwa Kigusii chake kile cha upole, nami nawaambia kwa Kiswahili:

"Baba Kerubo. Uko hapo?"

Mimi fundi nilijua jambo moja kwa hakika: mfumo wa zamani haujawaka, na kisakinishi hakina sauti ya mtu. Kwa hiyo hesabu yangu ilibaki na jibu moja: ni marehemu mwenyewe. Kwetu sote tumeokoka, tunakwenda kanisani, lakini hakuna aliyelelewa na bibi huku asiyejua kwamba marehemu akikuita usiitike, maana anayeitika humfuata. Nikatazama watu, midomo imebanwa, macho chini. Nikamtazama Mzee. Yeye alikuwa ameinua kichwa, uso umelainika, na mdomo wake unafunguka.

Nilimnyang'anya mchungaji maikrofoni. "Tata, usiitike," nikapaza sauti, na kilima cha pili kikanirudishia maneno yangu kutoka ndani ya ukungu, usiitike, usiitike.

Sauti haikunijali. Ilisema, "Kuna jambo nimekuficha tangu tulipohamia hapa, na sitaki kwenda bila kukuambia." Nikaruka kuelekea mezani, kiatu kimoja kikabaki matopeni, nikaivuta ile waya ya umeme kwa nguvu zangu zote. Waya ikaja na meza, meza ikaja na spika, spika ikaangukia nguzo ya hema, na maji yote yaliyokuwa yamekaa juu ya turubai yakamwagikia kwaya. Hapo ndipo watu wakakimbia. Wengine waliingia kwenye shamba la majani chai la jirani, na mchungaji (sisemi kwa ubaya) alikuwa mbele.

Kerubo alitoka jikoni na mwiko mkononi. Alipoona laptop chini hakupiga kelele, alikaa tu kwenye nyasi zilizolowa. Baadaye alinieleza kwamba alfajiri, alipokuwa akitafuta nyimbo, alikuta mama yake amejirekodi humo wiki zake za mwisho. Alisikiliza neno la kwanza akashindwa kuendelea, kwa kuwa halikuwa lake. Akaipanga ijifungue yenyewe mashine ikiwaka, ili kesho yake, Kerubo mwenyewe akiwa ameshaondoka, baba yake aiwashe na kuisikia akiwa peke yake.

Nilikaa na ile diski wiki tatu kibandani. Niliokoa picha, barua, hata masomo yake ya darasa la nne. Ile rekodi nayo ilifunguka, lakini diski kuukuu iliyokatiwa umeme na kuangushwa huku inasoma ilikuwa imejikwaruza pale pale. Pumzi, kikohozi, Baba Kerubo, kuna jambo nimekuficha. Baada ya hapo ni mkwaruzo mtupu.

Nilipanda Manga mwenyewe kumwambia. Nililia mbele yake bila haya. Nikasema, Tata, niliogopa ungemfuata.

"Nitamfuata tu, Moraa, miaka yangu unaijua," Mzee akasema. "Lakini ningekwenda nikijua alichotaka kuniambia." Kisha akaniuliza kama nimekula.

Tangu siku hiyo sigusi diski ya mtu kabla sijainakili yote, mpaka pipa la taka lake, na kabla sijawauliza wa nyumba hiyo, mmoja mmoja, wameweka nini humo. Na mtu akiitwa, awe ameitwa na nani, simzuii kuitika.