Ushauri kwa Mpika Bia

Kwa miaka kumi na moja fundi cherehani mmoja na kaka yake walikuwa wakipika bia nyumbani, kila mmoja na ndoo yake, na ubishi usiokwisha. Tangu wamzike kaka mtu, miezi miwili sasa, fundi alikula, alilala, alishona suruali za watu, basi. Alipoitwa kuwa jaji wa mashindano ya bia za nyumbani, alikwenda kwa sababu hakupata sababu ya kukataa.

Glasi zililetwa zikiwa na namba tu. Sita za kwanza alizionja kama anayeonja maji, akaandika alama. Ya saba aliinusa, akabaki ameishikilia puani. Ilinukia ndizi mbivu, kosa la bia iliyoumukia kwenye joto. Alimjua mtu mmoja tu mbishi wa kuacha ndoo karibu na jiko. Bila shaka shemeji yake, mjane wa kaka yake, alizikuta chupa za marehemu stoo, akazileta.

"Vipi ndugu yangu, mbona umeganda?" jaji wa pembeni alimuuliza.

"Hamna kitu," akajibu, na ilikuwa kweli. Aliipa ishirini na moja kati ya hamsini. Hakuiongezea hata moja kwa ajili ya msiba.

Lakini fomu haikupokelewa bila kujazwa sehemu ya ushauri kwa mpishi. Akaandika: "Sogeza ndoo mbali na jiko. Nikuambie mara ngapi?"

Akaigeuza karatasi, akaomba glasi ya nane.