Siagi Kwenye Kope za Baba

Juzi mwanangu akinawa uso, niliona vidoa vya manjano kwenye kope zake, nikamkumbuka baba. Alitengeneza siagi kwenye shamba la mzungu kule Kaptagat, na mchana mmoja nikiwa mtoto alirudi akinuka maziwa machachu. Niligusa vidoa kama hivyo kwenye kope zake.

“Baba, siagi imepanda hadi machoni?”

“Nyamaza, mzungu atasema nimemwibia!”

Alicheka, kisha akashika kifua. Tulimzika kabla ya mavuno.

Daktari alinieleza nikiwa mtu mzima kwamba mafuta husafiri kwenye damu, na yakizidi huweza kutokeza vidoa kama vile kwenye kope. Mengine hurudishwa kwenye ini, mengine hunata ndani ya mishipa ya moyo, na hali hiyo huweza kurithiwa.

“Twende ukapimwe damu,” nilimwambia mwanangu.

“Kwa vidoa tu, Mama?” Akacheka.

“Cheka tukienda.”