Nyuzi za Mgomba Mbele ya Baba

Ilianza Jumapili, saa tisa na robo alasiri, Shangazi alipouliza swali lililokuwa langu, akajibu mtu mwingine.

Shangazi ni dada yake Baba. Anafundisha chuo kikuu, na ameandika makala nyingi mpaka Baba ameacha kuzihifadhi kabatini. Leo anaandika juu ya chuma, kesho juu ya kompyuta, keshokutwa juu ya vidonda. Namwonea wivu tangu utotoni. Yeye akisema kitu, wanaume hapa kwetu Nyamira hunyamaza. Mimi nikisema, huulizwa nimesemaje.

Sasa anatengeneza bandeji ya nyuzi za mgomba, ya watu walioungua. Kompyuta yake inabahatisha nyuzi gani zitafaa, halafu mikono inahakikisha. Shule zilipofungwa alinipa kazi ya kuziandaa, pamoja na mwenzangu wa dawati anayetoka Nyakoe. Akasema atakayemridhisha ataenda naye maabara. Mwenzangu kazi yake ilikuwa kukaa juu ya ndoo na kupiga stori.

Jumapili hiyo Shangazi akavuta fungu la nne. "Hizi hazikatiki, na zinashika maji. Mlijuaje?"

Nilijua mimi. Niliziloweka siku tatu kwenye maji ya majivu ya maganda ya ndizi, nikazigonga kwa kipande cha mti, kisha nikazijaribu mwilini mwangu, siku zangu za mwezi, pedi zilipokwisha. Lakini Baba alikuwa ameketi pale, kikombe cha chai mkononi. Kwetu kuna chinsoni: mambo kama hayo binti hayatamki mbele ya baba yake, na baba hayasikii. Nikatazama vidole vya miguu yangu.

"Tulizijaribu kama pedi, Profesa," mwenzangu akasema, kama anayetaja bei ya nyanya. "Nilizijaribu mimi."

Siri hiyo nilimpa mimi mwenyewe. Baba akainuka, akasema anaenda kuangalia ng'ombe. Ng'ombe alikuwa amefungwa mbele yetu sote.

Shangazi alicheka mpaka akavua miwani. "Huyu ndiye mtafiti. Haonei haya ukweli."

"Lakini huyu wako," mwenzangu akasema, akinionyesha kwa kidevu, "hata kuku akimuuliza jina hajibu."

Nikacheka nao. Moyoni nilitamani atumbukie kwenye ndoo yake. Nilimwonea wivu sauti yake, viatu vyake, hata baba yake aliyekuwa mbali dukani, asiweze kumziba mdomo.

Asubuhi iliyofuata, Baba alipopeleka majani chai kwenye kituo cha kuuzia, nilimkuta Shangazi nyuma ya jikoni akinawa uso.

"Ni mimi," nikasema. "Zile nyuzi. Zilikaa siku tatu kwenye majivu."

"Mbona ulinyamaza?"

"Baba alikuwa pale."

Akajipangusa uso polepole. Naye ni binti wa boma hili. "Basi sitaamini mdomo wa mtu. Atakayeweza kuirudia kazi hii kuanzia shinani, ndiye nitakayeenda naye. Mpigie aje."

Nikampigia. Alifika kwa boda saa mbili, amepaka mafuta ya midomo, akaniuliza kama ingefaa aje na sanduku kabisa. Tukaingia migombani, Shangazi nyuma yetu. Nikampa panga aanze yeye.