Mke wangu analia kwenye kundi la chuo, kwangu anasema yuko sawa

Admin, naomba ufiche jina langu na la kanisa letu, maana hapa Sydney tunajuana wote.

Nina miaka 28, Mkongo, nimekulia kambi ya wakimbizi Tanzania. Shule niliishia darasa la nne. Tunakaa Macquarie Fields, napakia mizigo kwenye wehausi, ghala la bidhaa. Maneno mengi sina, mbele ya watu nanyamaza, lakini macho yangu yanaona. Mke wangu yuko uni, anasoma masters.

Hapo uni kuna kundi la wanafunzi wa masters na PhD. Kila Alhamisi wanakaa duara, wanafundishana namna ya kubeba stress ya masomo. Anayewaongoza ni Mkenya, na yeye anasoma PhD. Mimi ndiye ninampeleka mke wangu, halafu namsubiri kwenye gari. Mkenya akiniona anagonga kioo: "Shem, si uingie ukunywe chai, ama unaogopa vitabu?" Wenzake wanacheka. Mimi nasema niko sawa hapa.

Siku moja, kupitia dirisha la chumba chao, nikaona mke wangu analia. Mkenya akampa tishu, akainamisha kichwa kumsikiliza. Ndugu zangu, moyo uliniwaka. Miaka minne ya ndoa sijawahi kumuona analia. Njiani nikamuuliza, "Ulikuwa unalia nini?"

"Niko sawa."

"Nimekuona."

"Ya kundi yanabaki kwenye kundi. Tuliahidiana."

Basi kwetu mambo ya ndoa yakizidi unapeleka kwa wamama wa maombi. Nikamwendea kiongozi wao, nikamwambia mke wangu analia mbele ya wanaume huko chuo, mumuombee. Nilifikiri wataomba kimya. Jumapili mama yule akamuita mbele ya kanisa zima, akamwekea mikono kichwani: "Bwana, masomo yamemlemea dada yetu, analia ovyo kwa wanaume wa huko, mrudishe nyumbani." Mke wangu alisimama pale anaangalia viatu vyake.

Jumamosi iliyofuata ndiyo mke wangu alikuwa alete workshop, mafunzo kama yale ya kundi, kwenye hall ya kanisa, kwa vijana wetu walioko uni na wazazi wao. Aliiandaa miezi mitatu. Tulipanga viti arobaini, mimi na yeye na Mkenya. Hakuja mtu. Mama mmoja alipita tu kuchukua sufuria yake, akasema, "Binti yangu simleti akafundishwe kulia."

Mke wangu akamgeukia Mkenya: "Ni wewe umetoa maneno yangu nje. Kwamba masomo yamenilemea nilisema kwenye kundi tu. Nilikuamini."

Mkenya akasema, "Dada, mimi? Sijaongea na mtu."

Mkenya akaniangalia mimi. Nikaendelea kukunja viti.

Tangu siku hiyo mke wangu hajarudi kwenye kundi, na simu za Mkenya hapokei. Sasa analia kwangu, begani kwangu, jioni tukimaliza kula. Ameniambia yote: thesis imemshinda, msimamizi wake amemrudishia sura ya pili mara tatu, kule kundini ndiko walikuwa wanamshika asiache. Kwangu hakusema kwa sababu alijua nitamwambia, "Basi acha." Kweli ningesema hivyo.

Nilichokitaka nimekipata, na ninaona aibu kuandika kwamba ninakifurahia. Lakini fomu ya kuacha masomo iko mezani, ameshajaza, anaipeleka Ijumaa. Jana ameniambia, "Angalau wewe hujawahi kunisaliti."

Nikimwambia ni mimi, atarudi kwa Mkenya kumuomba msamaha, na machozi yake yatarudi kule. Labda na yeye mwenyewe asirudi kwangu. Nikinyamaza, anaacha masomo kwa ajili ya mdomo wangu, na mtu asiye na kosa anabeba jina baya.

Leo ni Jumatano. Wake za watu mlioko hapa, semeni ukweli: mumeo akikwambia jambo kama hili, unabaki naye?