Wening na Barua ya Saba

Katika mtaa wa Sanan, mjini Malang, nchini Indonesia, hakuna nyumba isiyonukia soya iliyochemshwa. Wening alizaliwa humo, akasomea uhandisi wa umeme, na badala ya kwenda kuhudumia mitambo ya matajiri akarudi nyumbani kuhangaikia tempe, vile vipande vya soya iliyovundikwa vinavyoliwa kama kitoweo. Na tempe ina kiburi chake. Soya ikishachanganywa na ukungu wake na kupangwa kwenye rafu ijishike, hutoa joto yenyewe, na joto likizidi kidogo tu, kazi ya siku mbili inaoza. Mama yake alizeeka akiamka kila mara kuigusa kwa kiganja. Wening akaunda kidude kidogo kama kiberiti, kinachokaa katikati ya tempe na kumpigia simu mwenye tempe joto linapopanda.

Alikibuni peke yake, akakilehemu peke yake, akavunja arobaini vibovu kabla ya kupata kimoja kizima, kisha akagawa vidude kumi na tatu kwa nyumba kumi na tatu vijaribiwe. Hilo la upweke ndilo lililomponza. Mipango inayofadhili kampuni changa haitaki kusikia habari za mtu mmoja. Walimwandikia kwa maneno matamu kwamba wazo ni zuri, arudi akipata mwenzake, kana kwamba mwenza hununuliwa sokoni pamoja na vitunguu.

Dada yake Murti, aliyemlea tangu mama yao afariki, alivumilia barua sita za namna hiyo. Ya sita ilipofika wakawekeana ahadi. Wening ajaribu mara moja tena. Akikosa, akusanye vidude vyake vyote, na Jumatatu akubali kazi aliyowekewa katika kiwanda kimoja huko Surabaya.

"Sikukatazi kuota, Ning," Murti alimwambia. "Ila ndoto nayo inakula wali."

Basi akaenda Jakarta kwa usaili wa saba. Waamuzi walikuwa watatu, na mmoja wao akamuuliza kama kifaa chake ndicho bora kuliko vyote sokoni. Sasa, mtoto yeyote wa Sanan anajua jibu la swali hilo. Ukisifiwa mchuzi, unasema umepungua chumvi. Ukisifiwa nyumba mpya, unaiita kibanda. Wening akainamisha kichwa kwa adabu zake zote.

"Ah, bado sana. Ni kidude tu cha kujaribujaribu. Wenzangu wana vizuri zaidi."

"Na ukiumwa, nani ataendesha kampuni?" akauliza mwamuzi mwingine.

"Naomba nisiumwe, Pak," alijibu, akimwita bwana kwa heshima.

Wale waamuzi walikuwa wamezoea vijana wanaoapa kuigeuza dunia kabla ya chakula cha mchana. Waliandika alichosema, neno kwa neno. Jumamosi barua ikaja: mwanzilishi yuko peke yake, na haelekei kuiamini bidhaa yake mwenyewe. La kwanza alilizoea. La pili lilimchoma, akalia jikoni mbele ya dada yake bila kujificha. Yeye, asiyeamini! Vidole vyake vina makovu ya moto hadi leo.

Lakini ahadi ni deni. Jumapili asubuhi alichukua mfuko akaanza kupita nyumba kwa nyumba.

Alianza kwa Bu Kasiyah, mjane aliyekuwa wa kwanza kukipokea kidude. Mjane huyo alisikiliza habari yote, akamimina chai.

"Haya, nduk, binti yangu, haya. Mali ni yako. Ila kiko nyuma kabisa ya rafu, na rafu ndiyo kwanza nimeijaza. Pitia kesho."

Nyumba ya pili, Pak Ngatiran alikubali kwa bashasha.

"Chukua tu, Mbak Ning, nani akukataze? Tatizo mke wangu ndiye anayejua kilipo, na ameenda Blitar kwa dada yake."

Mkewe alikuwa akisikika uani akiwafokea kuku. Wening akashukuru, akaaga.

Nyumba ya tatu walimlisha. Ya nne walimpa ndizi, wakasema kesho. Alipotoka nyumba ya tano, mfuko ulikuwa umejaa ndizi na tempe za kukaanga, wala hamkuwa na kidude hata kimoja. Akasimama njiani. Mtu wa Sanan hasemi hapana. Neno hilo humkwama kooni. Husema ndiyo, akakuongezea sukari, akakutaka uje kesho. Wening mwenyewe aliwafukuza washenga wawili kwa njia hiyohiyo. Akageuka, akarudi kwa Bu Kasiyah.

"Bu, samahani. Nikija kesho, rafu itakuwa tupu?"

Mama wa watu akakoroga chai iliyokwisha korogwa zamani.

"Itakuwa imejaa."

"Na keshokutwa?"

"Ning, tangu mume wangu afe nilikuwa silali. Sasa nalala. Mara nne kidude chako kimeniokolea soya. Hao wa Jakarta wanasema uko peke yako. Walikuja lini huku wakatuhesabu?" Akaweka kijiko chini. "Hapana, nduk. Sikupi."

Miaka thelathini Wening amemjua Bu Kasiyah, na hakuwahi kumsikia akilitamka neno hilo. Lilimtoka kwa shida, na masikio yakamwiva kwa aibu. Wening akainama. Akambusu mkono.

Jumatatu alipiga simu Surabaya, Murti akiwa ameketi kando yake. Alishukuru, akaomba radhi, akazunguka weee kama ilivyo desturi, hadi yule bwana wa kiwandani akamuuliza anakuja au haji.

"Siji, Pak," alisema Wening. "Nimetengeneza kitu kizuri sana, na watu wamekataa kukirudisha."