Tarakimu Nyekundu Usoni mwa Mashine

Miaka ya tisini nilikuwa na darasa la kompyuta Kisauni, chumba kimoja juu ya duka la vitambaa. Mashine yangu kubwa ilikuwa na tarakimu nyekundu usoni, 66, ndizo megahezi zake, yaani mapigo milioni 66 kwa sekunde. Prosesa yake ilikuwa ya muundo mpya: kwa kila pigo moja iliweza kumaliza kazi mbili. Nilikuwa nikiipenda, sifichi.

Kisha mwalimu wa ng'ambo ya barabara akaleta yake, 100. Muundo wa zamani, ila waliouunda wameuongeza mbio mpaka basi. Lakini nani atakusikiliza ukimweleza muundo? Kampuni zenyewe zilikuwa zikishindana kwa nambari, nasi Kisauni tukashindana kwa hizo hizo.

Mama mmoja, karani wa bandarini, ndiye aliyeniletea wanafunzi wanane, na bila wao ningefunga mlango.

"Mwalimu, wenzangu wauliza," akaniambia, "kwa nini tukae na sitini na sita, na mia iko hapo mbele?"

Nikamwomba wangoje Jumamosi. Mashine zote mbili zitapewa jedwali moja la alama za shule, tuone ipi itamaliza kwanza. Jirani akakubali.

Ijumaa, baada ya sala, akaja fundi wetu wa Kisauni nzima kupangusa vumbi. Akanionyesha kwamba zile tarakimu hazipimi chochote. Nyuma yake mna vijipini tu, na fundi huvipanga zisome apendavyo.

"Wataka ngapi?" akauliza.

Niliona haya, wallahi. Kisha nikasema, "Mia na thelathini na tatu."

Jumamosi nikawaambia wanafunzi nimebadilisha prosesa. Jedwali likaanza. Yangu ilimaliza, ile ya jirani ikiwa bado katikati. Nikageuka, nikingoja kusifiwa.

"Si ajabu, mwalimu," akasema mama karani kwa upole. "Mia na thelathini na tatu dhidi ya mia, ulitarajia nini?"

Wanane wangu wakabaki, na wengine wakaja. Nilifurahi sana. Ila mashine yangu ilishinda kwa sitini na sita zake halali, na mdomo wa kulisema hilo nilikuwa nimeuziba mwenyewe.

Jumatatu nikachungulia dirishani. Mashine ya jirani ilikuwa ile ile, na usoni mwake imeandikwa 150. Jirani akanipungia mkono, nami nikampungia.