Karabai ya Darasa la Jioni

Jioni moja haijanitoka kichwani, mwanangu, ingawa siku hizi natafuta hata miwani niliyoivaa. Nilikuwa kijana, nimekuja Dar peke yangu, nimepanga chumba chembamba mno mtaa wa Gerezani. Nikitaka kugeuka usingizini, sharti nitoke nje kwanza. Mchana karakana, jioni shule. Enzi zile kila mtu alisoma, na wote tuliitana ndugu. Ila mimi nilifika nimechelewa, nanuka girisi, na ndugu zangu wakabanana mbele wakaniachia benchi zima la nyuma.

Darasa lenyewe refu, ukimwita wa nyuma leo anaitika kesho. Taa ilikuwa moja, karabai, imetundikwa mbele kwenye watu wengi. Ubao niliuona ukiwaka kama mwezi. Daftari langu ndilo sikuliona. Wiki nzima hakuna aliyenisemesha. Nikaamua jioni ile iwe ya mwisho.

Mwalimu Hansa, mama wa Kihindi mzaliwa wa Kariakoo, akatupa swali. Namba x inatembea toka sifuri hadi moja. Izidishe kwa yenyewe, utoe namba nyingine, k, na ukipata hasi ihesabu kama chanya. Chagua k ili ile tofauti kubwa kuliko zote iwe ndogo iwezekanavyo.

Nikapaza sauti toka gizani. "K ni sifuri, Mwalimu. Pale ndipo mteremko wa mchoro unapoisha."

"Kweli unaisha. Aliye kwenye sifuri hana shida. Aliye kwenye moja je?"

Nikapiga hesabu. "Yuko mbali, moja nzima."

"Basi k iwe moja," akadakia Shirima, mwenye duka la jumla, aliyekaa chini ya taa kabisa.

"Sasa umemtupa wa sifuri," Mwalimu akasema. "Mteremko usiwadanganye. Tazameni ncha zote mbili."

"Nusu," nikasema. "Huku nusu, kule nusu. Ukisogea hata kidogo, upande mmoja unazidi." Kisha mdomo wangu, ambao haujawahi kunitii, ukaongeza, "Kama k ingekuwa karabai, ingetundikwa katikati."

Wakacheka. Mwalimu hakucheka. Aliitazama taa, akanitazama mimi, au giza nililokuwamo.

"Mwalimu, wengi tuko huku mbele," Shirima akanung'unika.

"Ninyi mtapungukiwa kidogo, bwana Shirima. Yeye hana kabisa. Isogeze."

Akaisogeza mwenyewe, akiguna. Aliposhuka kwenye kiti akaniona uso. "Kumbe ni mtoto," akasema. "Sogea basi, nikae." Nikabaki shuleni mpaka nikamaliza.

Sasa naishi Ilala, mke wangu alishatangulia. Watoto wangu wanapendana sana. Kila Jumapili wanakutana Buguruni kwa dada yao, maana wengi wako karibu na huko. Miguu yangu haifiki. Siwalaumu, hesabu yao wameipiga kwa wengi. Jumapili nawasha redio mbili, chumba kidhani kuna wageni.

Mwanangu, ukipanga jambo la watu, usiridhike kwa kuwa wengi wako sawa. Mtafute aliye mbali kuliko wote, uanze na umbali wake, usogee mpaka asibaki wa kutupwa, huku wala kule.

Mungu akukuze, akutunzie wako, na popote utakapoketi, hata benchi la mwisho, mwanga ukufikie.